Kuandikwa Huru: Kukisoma Upya Kijitabu cha Luther Juu ya Uhuru wa Mkristo

Mwezi Novemba mwaka 1520 kilitoka mitamboni mjini Wittenberg kijitabu cha Martin Luther juu ya uhuru wa Mkristo, kwa Kijerumani na kwa Kilatini. Hati ya Papa Leo wa Kumi ya tarehe 15 Juni mwaka huo ilikuwa imekwisha kumtaka mwandishi ayakane mafundisho yake. Tarehe 10 Desemba Luther aliichoma moto hati hiyo hadharani, na mwezi Januari uliofuata akatengwa na Kanisa la Roma. Kwa mtu aliyekuwa katika hali hiyo tungetazamia maandiko ya hasira, na kweli mwaka huohuo aliandika maandiko ya namna hiyo. Lakini kijitabu hiki ni kitulivu. Kinaanza kwa kauli mbili zinazoonekana kugombana: kwamba mwamini hana bwana juu yake, na kwamba mwamini huyohuyo ni mtumishi wa kila amkutaye. Mafungu 30 ya toleo la Kijerumani yote yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hizo mbili ni za mtu mmoja.

Katika makala hii hatukusudii kueleza upya mambo ambayo kila mwanafunzi wa theolojia wa Kilutheri ameyapitia, walau mara moja, usiku wa kuamkia mtihani. Tunakusudia kukihoji kijitabu chenyewe. Kikisomwa kwa Kiswahili, katika makanisa ambamo maneno uhuru, uamsho na kufunguliwa yanasikika karibu kila juma, kinatuambia nini? Tena, ni wapi kinapopungukiwa? Maoni yetu ni kwamba Luther anasema jambo ambalo mahubiri yetu mengi yamelisahau, na kwamba yeye naye amelinyamazia jambo ambalo Biblia yetu ya Kiswahili inalisema waziwazi kuliko yeye.

Tuanze na lugha. Wale waliotafsiri Biblia ya Union, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na kitabu kizima mwaka 1952, walipofika Gal. 5:1 hawakuridhika na neno uhuru peke yake. Walilitanguliza neno ungwana, na kwa tendo la Kristo wakachagua kitenzi cha kuandika huru. Na ule mzigo ambao Wagalatia wanaonywa wasiurudie wakauita kongwa. Maneno hayo hayakutoka katika kamusi za vyuo vya theolojia. Kongwa ni ule mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka katika misafara ya kutoka bara kwenda pwani. Kuandika huru lilikuwa tendo la kisheria: bwana alimwandikia mtumwa wake hati, mashahidi wakiwapo, na tangu saa ile yule mtu hakuweza tena kuuzwa. Serikali ya Wajerumani nayo ilitoa vyeti vya uhuru kwa maelfu ya watu katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Hali ya utumwa ilikoma kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo tafsiri hii iliposomwa makanisani mara ya kwanza, walikuwako bado wazee waliozaliwa utumwani. Wao hawakuhitaji mhubiri awaeleze kongwa ni nini.

Wala neno ungwana halikuwekwa pale kwa ajili ya kupamba. Katika sura ya nne, Paulo amekwisha kusema habari za Hajiri na Sara, na tafsiri yetu inawaita mmoja mjakazi na mwingine mwungwana. Hoja ya mtume ni hoja ya nyumba na uzao: wewe ni mtoto wa nani, na ndani ya nyumba hii unakaa kama nani? Biblia Habari Njema, ambayo ilikusudiwa kuwa katika Kiswahili chepesi, imeliacha neno hilo na kushika uhuru. Twaelewa sababu, kwa maana kijana wa leo akisikia muungwana hufikiri mtu mpole mwenye adabu. Hata hivyo kitu fulani kimepotea, nacho ndicho hasa tunachotaka kukitafuta katika Luther.

Mtu akiandikwa huru, uhuru wake huwa umekamilika kabla hajaanza kuutumia. Hati imeandikwa na mkono usio wake. Pengine yeye mwenyewe hajui kusoma, na kesho yake asubuhi bado atashtuka akisikia sauti ya yule aliyekuwa bwana wake, bado atainamisha kichwa njiani kwa mazoea ya miaka. Lakini kuinamisha kichwa hakubatilishi hati. Hata ule mwendo wake utakapobadilika, hautabadilika ili apate kuwa huru, ila kwa sababu amekwisha kuwa huru. Twaona hapa, katika desturi ya pwani ambayo Luther hakuijua, mfano mzuri kuliko mingine wa jambo alilolisema katika fungu la 12 kwa mfano wa arusi. Humo imani inaiunganisha roho na Kristo kama bibi arusi na bwana arusi, hata vyote vya bwana arusi vikawa vya bibi, na madeni yote ya bibi yakawa ya bwana arusi. Yule binti hakuleta mahari wala sifa. Alileta deni tu. Na katika fungu la 23, akitumia mfano wa mti na tunda ambao Bwana mwenyewe aliutumia, Luther anatuonyesha utaratibu wa kufanywa upya. Tunda haliuzai mti. Upya wa maisha hufuata. Hautangulii, wala haudaiwi kama ushahidi mbele ya baraza.

Kwa kipimo hicho tuutazame kwanza Uamsho wa Afrika Mashariki, na tuutazame kwa heshima unayostahili. Ulichipuka Gahini nchini Rwanda, na katika Uganda, ukapata nguvu katika miaka ya 1930 kwa ushuhuda wa watu kama Simeoni Nsibambi, ndugu yake Blasio Kigozi, na Dakta Joe Church. Ulivuka mipaka ukaingia Bukoba, ukalikuta Kanisa la Kilutheri. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, kuanzia mwaka 1977 hata 1984, alikuwa mmoja wa waliolelewa na Uamsho huo. Watu walirudisha mali walizoiba. Wamishenari walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao, jambo ambalo halikuwa limeonekana. Wanawake walinena katika ushirika, nao walisikilizwa. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, baada ya mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo, na wengi wao walikataa vilevile kushika bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa kwa ajili hiyo. Huo ndio uhuru ambao kijitabu cha Luther kinausema: mtu asiye na bwana juu yake, na kwa sababu hiyohiyo hawezi kumdhuru jirani yake kwa amri ya yeyote.

Lakini tusinyamaze juu ya upande wa pili. Kule kutembea nuruni, ambako mwanzo kulikuwa pumzi ya watu waliofunguliwa vinywa, kuligeuka pole pole mahali pengi kuwa kanuni. Ushuhuda ukapata muundo wake: nilikuwa hivi, Bwana akanikuta siku fulani, sasa mimi ni hivi. Asiyeweza kuitaja siku alitiliwa shaka. Aliyeungama juma lililopita akawa hana budi kutafuta dhambi nyingine ya kuungama juma hili, asije akaonekana amepoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uganda lilizuka kundi lililojiita Walioamshwa Upya, Abazukufu, likiwaona ndugu wengine kuwa wamelala. Na miongoni mwa mambo waliyoyakazia ni kwamba mtu aliyeokoka asiwe na deni la fedha. Twaweza kuielewa nia yao. Lakini tazama njia iliyopitwa: kutoka furaha ya deni lililofutwa msalabani, hata amri ya daftari la dukani. Wagalatia walifanya vivyo hivyo kwa tohara, nao walidhani wanaongeza utakatifu.

Ipo habari nyingine iliyo nzito kuliko hiyo, wala hatuwezi kuipita kana kwamba haituhusu. Katika nchi ileile ya Gahini, mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliobatizwa waliwaua watu waliobatizwa, na majengo ya makanisa kama Nyamata na Ntarama yakawa mahali pa kuchinjia. Hatusemi kwamba Uamsho ndio uliosababisha. Makanisa hayo mawili hayakuwa hata ya madhehebu ulimochipuka. Waliosimama na jirani zao walikuwako, tena katika kila dhehebu. Tunachosema ni hiki: uhuru unaothibitishwa kwa ushuhuda wa kinywa peke yake, mbele ya wenzetu wa ushirika, haujapimwa bado. Kipimo cha Luther kimo katika mafungu ya mwisho ya kijitabu, ambayo wengi wetu huyasoma kwa haraka. Huko asema kwamba Mkristo hakai ndani ya nafsi yake. Anakaa katika Kristo kwa imani na katika jirani yake kwa upendo. Jirani hapo hajaulizwa kabila.

Tuje sasa kwa mahubiri ya siku zetu. Neno linalotawala katika mikutano ya injili, na hata katika ibada zetu za katikati ya juma, ni kufunguliwa. Mkristo aliyebatizwa, akapata kipaimara, na anayeikaribia Meza ya Bwana, huambiwa kwamba bado amefungwa. Amefungwa na laana ya babu yake, na jina alilopewa, na maagano yaliyofanywa ukooni kabla hajazaliwa. Basi hufunguliwa Ijumaa katika mkesha. Miezi ikipita naye hajapata kazi au hajapata mtoto, huambiwa kwamba chini ya kifungo kile palikuwa na kifungo kingine. Naye anarudi, kwa nauli ya kukopa na sadaka maalumu mkononi.

Hatusemi haya kwa kejeli. Luther mwenyewe hakuwa na shaka kwamba Shetani yuko, na utaratibu wetu wa ubatizo unamtaka mbatizwa amkane waziwazi. Wala mizigo ya ukoo si hadithi. Askofu Kibira aliona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kuandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1974, juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu kwa habari za Bukoba. Mwaka 2011, makundi makubwa ya watu yalipofurika Samunge huko Loliondo ili kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ilionekana dhahiri ni maumivu kiasi gani yanayokaa kimya katika viti vya makanisa yetu. Mchungaji anayewacheka watu hao hajapata kukaa na mgonjwa usiku kucha.

Kosa la mahubiri ya kufunguliwa si kwamba yanachukua maumivu kwa uzito mno. Kosa lake ni kuigeuza hati kuwa kazi isiyokwisha. Hati ya uhuru haiandikwi mara saba. Anayemwambia aliyebatizwa kwamba laana ya babu yake ina nguvu juu yake kuliko jina la Utatu lililotajwa juu ya kichwa chake, anamrudishia kongwa shingoni, hata kama anafanya hivyo kwa kupaza jina la Yesu. Mwombeeni mgonjwa, mshikeni mkono mwenye hofu, mkaeni naye. Lakini mwombeeni kama mtu aliye huru anayeteswa, wala si kama mtumwa ambaye bado bei yake inajadiliwa. Tofauti ya namna hizo mbili za kuomba haionekani sana kwa macho, ila anayeombewa huijua akifika nyumbani.

Hata hapa tumekuwa upande wa Luther. Sasa hatuna budi kumgeukia yeye. Katika fungu la 3 anafundisha kwamba mwili kuwa huru, wenye afya na kushiba, hakuifai roho kitu, na mwili kufungwa au kuona njaa hakuidhuru. Shabaha yake twaijua: alitaka kuwanyang'anya watu tumaini la kuokolewa kwa mavazi matakatifu na kufunga chakula. Lakini sentensi ikitoka kinywani haimngojei mwenyewe aieleze. Mapema mwaka 1525 wakulima wa kusini mwa Ujerumani walitoa madai yao katika vifungu kumi na viwili huko Memmingen, na katika kifungu cha tatu walisema kwamba kwa kuwa Kristo amewakomboa wote kwa damu yake, bwana na mchungaji bila kubagua, haifai wao kumilikiwa kama mali. Kwa maneno mengine, walikisoma kijitabu cha uhuru kama Mswahili anavyomsoma Paulo: kuandikwa huru ni kuandikwa huru. Luther, ambaye katika maandiko yaleyale aliwakemea vikali wakuu kwa unyang'anyi wao, aliwajibu wakulima kwamba wanaufanya uhuru wa Kristo kuwa jambo la mwili, na akawakumbusha kwamba Ibrahimu naye alikuwa na watumwa. Mwezi Mei aliandika tena, maneno makali ambayo hakuna rafiki yake aliyeweza kuyatetea vizuri, na tarehe 15 mwezi huo wakulima walichinjwa kwa maelfu huko Frankenhausen.

Wako wanaosema kwamba alilazimika, kwa sababu wakulima walikuwa wamekwisha kushika silaha. Jibu hilo halitoshi. Kifungu cha tatu hakikuwa silaha. Kilikuwa hoja ya kitheolojia, tena iliyoandikwa kwa adabu, na ilistahili kujibiwa na mwalimu wa uhuru. Tatizo liko katika ule mgawanyo wa mtu wa ndani na mtu wa nje. Luther aliutumia ili kuilinda imani isichanganywe na matendo, na hapo unafaa. Alipoutumia ili kumwambia aliyefungwa kwamba kamba haimhusu, ulimponyoka mkononi.

Nasi tuliotangaziwa Injili na wamishenari waliorithi mgawanyo huo twaujua uzito wake. Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa mwaka 1875 iwe kijiji cha watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Walifundishwa kwamba wako huru katika Kristo; mwaka 1881 ikajulikana nje kwamba ndani ya kijiji hicho watu walikuwa wakichapwa viboko. Aliyeshika kiboko huenda alisadiki kabisa kwamba roho zao ziko huru. Neno ungwana halimruhusu mtu kusadiki hivyo kwa amani. Mwungwana hawi mwungwana moyoni tu. Huwa mwungwana barazani, shambani, mbele ya hakimu, na ngozi yake haiguswi ovyo. Kwa kulichagua neno hilo, watafsiri wetu, wakijua au wasijue, walimsahihisha Luther.

Ila ungwana nao una mtego wake, na hapo Luther anarudi kutusaidia. Pwani ya zamani, waungwana walijitambua kwa watu waliokuwa chini yao. Kazi ya jembe haikuwa yao, na mtu wa bara alikuwa mshenzi. Uhuru wa namna hiyo unahitaji mtumwa ili uonekane. Paulo alilijua jambo hilo, akasema katika 1 Kor. 9:19 kwamba yeye aliye huru amejifanya mtumwa wa wote, na katika Gal. 5:13 hakungoja sura iishe kabla ya kuuelekeza uhuru kwenye utumishi wa upendo. Luther anaijenga nusu ya pili ya kijitabu chake juu ya hayo na juu ya Flp. 2: Kristo alikuwa na yote, kwa hiyo hakuhitaji kujitafutia kitu, kwa hiyo mikono yake ilikuwa tupu kwa ajili yetu. Mwenye kuhangaikia wokovu wake hawezi kumtumikia jirani yake vizuri, kwa kuwa hata akimpa maji anahesabu thawabu. Aliyekwisha kuandikwa huru anaweza kumpa maji kwa sababu tu mwenzake ana kiu.

Tukumbushane hapa, kwa kupita, yaliyolipata neno mtumishi katika mitaa yetu. Siku hizi anayeitwa mtumishi wa Mungu ndiye anayefunguliwa mlango wa gari, ndiye anayebebewa Biblia, ndiye asiyeulizwa hesabu. Kauli ya pili ya Luther imehifadhiwa herufi zake na kugeuzwa maana. Luther mwenyewe katika fungu la 17 alilalamika kwamba maneno kama kuhani yamenyang'anywa waumini wote na kupewa wachache. Angeishi nasi angeongeza neno moja katika orodha yake.

Mwisho wa toleo la Kilatini Luther aliongeza sehemu isiyomo katika lile la Kijerumani, na tungependa isomwe zaidi katika vyuo vyetu. Anataja namna mbili za watu ambao mwenye uhuru atakutana nao. Wako wakaidi wanaozifanya taratibu kuwa njia ya wokovu na kuwafunga wengine kwazo. Mbele yao yatupasa kuzivunja taratibu hizo waziwazi. Wako pia wanyonge, ambao hawajaelewa bado na dhamiri yao inaumia upesi. Pamoja nao yatupasa kufunga wanapofunga, mpaka wapate nguvu. Anawataja Timotheo na Tito. Mtume yuleyule alimtahiri wa kwanza (Mdo. 16:3), na kwa habari za wa pili hakukubali kulazimishwa (Gal. 2:3).

Mchungaji anayealikwa kwenye mkesha wa kufungua watu amewekwa katikati ya namna hizo mbili, mara nyingi katika chumba kimoja na usiku mmoja. Mbele ya yule mama aliyekuja na hofu ya miaka ishirini, atapiga magoti na kuomba mpaka alfajiri, wala hatamhubiria juu ya kasoro za theolojia yake. Mbele ya yule aliyeshika kipaza sauti na kutangaza kwamba ubatizo wa mama huyo haukutosha, atasimama, na ikibidi atoke nje akiwa amemshika mama mkono.